Kurasa Nilizoziruka

Vijana wangu wa Sironga, siku ile mlipokuja nyumbani na madaftari yenu kuniuliza ni vitabu gani nilivipenda kuliko vyote, nilikohoa nikawaambia mrudi wiki nyingine. Sikuwa na kikohozi. Nilikuwa natafuta namna ya kuwajibu bila kujipamba. Nimeona afadhali niandike, kwa sababu nikiandika naweza kufuta, lakini nikisema mbele yenu nitataka mcheke, na nikitaka mcheke nitaongeza chumvi.

Kwanza mjue kwamba mimi si msomi. Niliishia darasa la sita. Mwalimu wenu aliyewaambia kwamba Mzee Makori ameisoma dunia nzima alisema kwa heshima tu. Kazi yangu ilikuwa kushona vitabu vilivyoraruka. Miaka ya sitini niliifanya mjini Kisii, katika chumba cha nyuma cha Mzee Salimu. Miaka ya sabini nikapata chumba changu pale Keumbu, katikati ya fundi cherehani na mama aliyeuza chumvi. Vitabu vya shule, vya nyimbo za kanisa, vya walimu, vya wazungu waliokuwa wanafunga mizigo kurudi kwao. Vingi vilinifikia bila jalada, bila hata ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo msiniulize majina. Kuna vitabu nilivyovipenda kama ndugu na sijui vinaitwaje mpaka leo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kitabu kikija kimechakaa, usikimbilie gundi. Kifungue. Kitabu si karatasi moja moja, ni mafungu madogo ya karatasi zilizokunjwa, kila fungu kurasa kumi na sita au thelathini na mbili, yameshonwa pamoja mgongoni. Sisi tuliyaita mikunjo. Unakata uzi wa zamani, unaitoa mikunjo, unaisafisha, unaishona upya kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki. Gundi ni unga wa ngano, unaupika polepole kama uji wa mtoto mchanga, halafu unatia mrututu kidogo, vile vijiwe vya buluu vya dukani, ili mende wasije wakala usiku kile ulichofanya mchana. Ukizidisha mrututu karatasi inapiga kijani. Mimi nilizidisha. Kuna wimbo wa Sabato katika kitabu cha kanisa moja upande wa Nyakoe ambao ulikuwa na doa la kijani kama ukungu, na mwenye kitabu hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumwambia.

Mzee Salimu ndiye aliyenifundisha. Baba yake alitoka pwani na mama yake alikuwa wa kwetu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, changu kilikuwa cha kupanda na kushuka kama njia za kwetu, na alinicheka kwa hilo bila kuchoka. Msahafu ulipoletwa alitawadha kabla ya kuugusa. Biblia ilipoletwa, alinawa mikono pia, kwa sabuni. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mwenye kitabu asingependa kukiona kimeshikwa na mikono yenye gundi ya kitabu kingine. Sijui kama hiyo ndiyo sababu yote, lakini ndiyo aliyonipa.

Sasa nifike kwenye kusoma. Kitabu kikishapakwa gundi kinabanwa kati ya mbao mbili na mawe juu, kinakaa siku nzima. Wakati huo huna la kufanya. Mkononi nina mikunjo ya kitabu kingine kinachosubiri kushonwa. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma, na hapo ndipo nilipojifunza kusoma vibaya. Sikusoma kitabu, nilisoma mikunjo. Nilichukua uliokuwa karibu. Nilijua mtu amenyongwa kabla sijajua ameua nani.

Nilipenda vya aina nyingi, niseme haki. Kulikuwa na kimoja cha kufuga nyuki chenye picha za kuchorwa kwa kalamu, nilikisoma mpaka nikawa naota mizinga, na sijawahi kufuga nyuki. Kulikuwa na cha barua za mfanyabiashara aliyemwandikia mkewe kila wiki kutoka nchi ya mbali, barua zote zinasema atarudi, na mkunjo wa mwisho ulikuwa umeliwa na panya, kwa hiyo kwangu mimi bado hajarudi. Lakini vilivyonikamata shingo vilikuwa vya kesi. Riwaya za Kiingereza za mawakili na mahakimu. Nitawaambia ukweli kwa nini. Kiingereza changu kilikuwa kidogo. Mwandishi akieleza mawingu na nyumba na nguo za watu, nilipotea. Lakini kortini watu wanasema kwa kifupi. Ulikuwa wapi? Nilikuwa nyumbani. Nani alikuona? Hayo niliyaelewa yote. Basi nikashika mkunjo, nikaukagua, nikiona maneno mafupi mafupi ya swali na jibu nausoma, nikiona ukurasa mweusi umejaa maandishi naurudisha kwenye rundo. Mzee Salimu alinitazama siku moja akaniambia, "Makori, wewe unachopoa nyama, mchuzi unaumwaga."

Mkitaka kucheka, chekeni hapa, maana mbele hakuna pa kuchekea. Siku moja nilikuwa na riwaya ya kesi ya mauaji mezani pamoja na kitabu cha kilimo cha shule, saizi moja, karatasi rangi moja. Nilikuwa nimezama kwenye kesi. Nilishona, nikabana, nikapeleka. Wiki iliyofuata mwalimu wa kilimo alikuja Keumbu kwa baiskeli, jasho linamtoka, akaniwekea kitabu mezani na kukifungua katikati. Somo la kuku wa mayai lilikuwa limekatika, na ukurasa uliofuata shahidi alikuwa anaapa.

"Mzee mwenzangu," akasema, "darasa zima wananiuliza huyu kuku amemuua nani."

Nilifumua na kushona upya mbele yake. Alikuwa mtu mwema, alikaa akanisubiri.

Mzee mmoja wa kanisa letu aliniita baada ya ibada ya Sabato akaniambia kwamba hadithi za kubuni ni uongo, na mtu anayejaza kichwa chake uongo ataishi kwa uongo. Nilimchukia kwa maneno hayo kwa miaka. Sasa sijui. Sisemi alikuwa sahihi, kwa sababu vitabu havikunidanganya. Lakini aliona kitu fulani ndani yangu, akakosea tu kukipa jina.

Nije kwa Kemunto.

Kemunto alikuwa mke wa Onchari, binamu yangu. Onchari alikufa mapema, kabla ya mashamba ya kwetu kupimwa, akazikwa kando ya nyumba yake kule bondeni, karibu na migomba. Miaka michache baadaye nyumba ile ilioza kwa maji ya bonde, naye Kemunto akajenga nyingine juu, kando ya barabara. Lakini kila wiki alishuka kung'oa magugu kaburini. Migomba ile ilikuwa yake na kaburi lilikuwa lake, hakuna aliyeuliza.

Halafu upimaji ukafika. Ombati, ndugu ya Onchari wa mama mwingine, akasema kipande cha bondeni ni cha nyumba ya mama yake. Nataka mumwelewe Ombati. Hakuwa mwizi. Alisema mama yake alilima mboga pale alipokuwa yeye mdogo, na baba yao alimpa Onchari ajenge tu, hakumgawia. Inawezekana aliamini hivyo. Inawezekana hata ilikuwa kweli, maana mzee yule alikuwa na tabia ya kuwaambia wake zake wawili maneno mawili. Lakini kulikuwa na mtu aliyejua zaidi. Mzee Mokaya wa Nyakoe alikuwa rafiki ya baba yao, na ndiye aliyeshika jembe siku mzee alipopanda mkonge wa mpaka na kusema, mbele yake, kwamba kuanzia mkonge huu kupanda mpaka barabarani ni kwa Onchari na watoto wake.

Siku hizo mwanamke hakusema mbele ya kamati ya ardhi. Alitafuta mwanamume wa ukoo awe mdomo wake. Kemunto angeweza kuwachagua wengi. Akanichagua mimi, kwa sababu nilikuwa nasoma vitabu vya kesi. Kijiji kizima kilijua. Watu walinifuata mpaka chumbani kwa Mzee Salimu kuniuliza habari za talaka na ng'ombe waliopotea, nami nikawajibu. Mungu anisamehe, niliwajibu kwa sauti ya wakili.

Kulikuwa na riwaya moja niliyoipenda kuliko zote. Haikuwa na jalada, na mwenyewe, mwalimu mmoja, aliniletea zaidi ya mara moja. Mjane anataka kunyang'anywa nyumba, na wakili wake mzee, mtu wa maneno machache, anakaa kimya siku baada ya siku, wale wa upande wa pili wanajitapa, halafu siku ya mwisho anasimama na kumwita mtunza bustani ambaye hakuna aliyemfikiria. Mtunza bustani anasema maneno manne, na korti nzima inainama. Mkunjo ule niliusoma mara nyingi hata kona zake zikawa laini kama kitambaa.

Sasa mjue jinsi kamati ilivyofanya kazi. Haikukaa ofisini. Wazee walitembea mpaka kwa miguu, ofisa wa ardhi nyuma yao na makaratasi, na watu wote wa pande zote wakifuata. Kila walipofika kwenye kona walisimama. Mzee mkuu aliuliza kama kuna mwenye neno. Mwenye neno alilisema pale pale, miguu yake juu ya udongo anaousemea. Pakiwa kimya, kigingi kinapigwa. Kwa watu wetu kimya kwenye udongo si kutokuwa na jibu. Ni jibu. Nililijua hilo tangu utotoni. Kila mtoto wa kwetu alilijua. Lakini siku ile nilikuwa Mkisii aliyesahau Ukisii wake ndani ya kitabu cha watu wengine.

Mzee Mokaya alikuja kutoka Nyakoe kwa miguu, amevaa koti. Tulipokaribia mkonge, Kemunto alinisogelea.

"Shemeji, nimwambie Mzee aseme?"

"Bado."

"Bado mpaka lini?"

"Mpaka kortini. Tukimtoa leo Ombati atapata muda wa kutafuta majibu. Tulia."

Alinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari asiyemwelewa. Halafu akatulia. Mimi mwenyewe nikamwendea Mzee Mokaya nikamshika mkono, nikamwambia siku yake inakuja, leo apumzike. Alishangaa. Aliniuliza mara mbili kama ndivyo Kemunto anavyotaka. Nikasema ndivyo.

Ombati alisema maneno yake. Mzee mkuu akauliza mwenye neno. Akanitazama mimi, kwa sababu alijua nimekuja kwa ajili ya nani. Akauliza tena, na hakuwa na wajibu wa kuuliza mara ya pili, kwa hilo namshukuru. Mimi nikakunja mikono kifuani kama wakili wangu wa kitabuni. Nyundo ikapiga kigingi, si kwenye mkonge, bali hatua tano upande wa juu wa kaburi, na kaburi likabaki upande wa Ombati.

Nimekuwa nikiandika daftari la kila siku tangu nilipoanza kazi. Nimelitafuta la siku ile. Nimeandika: Mvua asubuhi. Gundi haikukauka. Basi.

Orodha ya mashamba ikawekwa ofisini ili mwenye malalamiko aende akayaandikishe kabla ya siku zilizowekwa kwisha. Nilipita mlangoni pale mara mbili nikitumwa kununua uzi. Niliona watu wamejazana. Nilijiambia hao ndio wasio na subira. Nilikuwa nasubiri korti. Siku zilipokwisha, nikampeleka Kemunto mjini Kisii, yeye na kitambaa chake cheupe cha kanisani, mimi na hotuba niliyoiandika kurasa sita. Karani wa pale alikuwa kijana mpole. Alitafuta namba ya shamba, akafungua jalada, akalisoma lote, akanigeukia akaeleza taratibu kwamba hakuna kesi. Mpaka ulitembewa, hapakuwa na neno, hapakuwa na malalamiko, umeandikwa. Nikamwambia nina shahidi. Akasema, "Alikuwa wapi siku ya mpaka?"

Nilikuwa nimesoma maswali ya namna hiyo mamia. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa mimi.

Bado sikukata tamaa. Nilienda Nyakoe kumwomba Mzee Mokaya angalau aende na sisi kwa chifu, aseme alichokijua. Alinikaribisha uji wa wimbi. Alingoja nikanywa nikamaliza. Ndipo akanijibu.

"Nilisimama pale nikanyamaza. Nikisema leo, watu wachukue lipi, kimya changu au neno langu? Mojawapo ni uongo. Mimi ni mzee, siwezi kuzikwa na uongo."

Sikumlaumu. Nilimfanya ashindwe kusema ukweli bila kuonekana mwongo, na hicho ni kitu ambacho hata adui yake hakuwahi kumfanyia.

Baadaye, nikiwa tayari Keumbu, yule mwalimu mwenye riwaya ile alinipa tena niikazie mgongo. Nilifunga mlango wa duka, nikachukua kamusi, nikaanza ukurasa wa kwanza. Ilinichukua wiki nyingi. Nikayasoma mawingu, nikazisoma nguo za watu. Na katika mkunjo wa nne, ule mweusi, ule niliourudisha kwenye rundo kila mara, nikamkuta wakili wangu katika wiki ya kwanza kabisa akiandika pingamizi la mjane na kulipeleka kortini kabla jua halijatua, halafu akimpeleka mtunza bustani kuapa mbele ya hakimu na kutia sahihi. Kila kitu kilikuwa kimeandikishwa. Alichoficha ni lini atamwita tu. Kitabu hakikusema uongo hata kidogo. Kilikuwa kimeniambia kila kitu, nami nikakiruka kwa sababu hakikuwa na swali na jibu.

Nilienda kwa Kemunto mchana ule ule. Alikuwa amekaa nje akichambua chinsaga, zile mboga chungu za kwetu. Nilimweleza yote, mkunjo kwa mkunjo, nikaona hata aibu kwa jinsi nilivyoeleza vizuri. Hakuacha kuchambua.

"Katika kitabu hicho," akauliza, "yule mwanamke alishinda?"

"Alishinda."

"Mume wake alizikwa wapi?"

Nilifikiri. "Hawakuandika."

Alitikisa kichwa kidogo. "Basi aliyeandika alikuwa bado kijana."

Akachukua kitita kingine cha mboga. Halafu akaniambia kwamba kama najua kuandika, nimwandikie Ombati barua. Si ya kesi, ya kuomba tu. Kwamba siku yake ikifika alazwe kando ya Onchari. Niliandika maneno machache, sikuweka hata moja la kortini. Ombati aliposomewa aliinuka, akashuka bondeni pamoja nami, akachomeka fimbo upande wa kushoto wa kaburi. "Mwambie mahali pake papo," akasema. Niliona macho yake yamelowa. Nilisema tangu mwanzo kwamba hakuwa mtu mbaya.

Lakini Ombati alitangulia. Kemunto alipofariki, mwishoni mwa miaka ya sabini, bonde lile lilikuwa mikononi mwa wana wa Ombati, na majani chai yao yalikuwa yamefika mpaka ukingo wa kaburi. Niliwapelekea nakala ya barua niliyokuwa nimebaki nayo. Walinipa kiti, wakanipa chai, wakaisoma wakipokezana. Walisema kwa adabu kwamba wanamheshimu marehemu, ila hiyo ni barua tu, haina muhuri wala shahidi, na baba hakuwaambia. Wangejuaje? Ombati alisema kwa mdomo, tukiwa wawili. Fimbo ilikuwa imeoza zamani.

Mliniuliza kitabu nilichokipenda kuliko vyote. Ni kile cha mtunza bustani, na bado nakipenda, siwezi kuwadanganya. Mkikipata kisomeni kuanzia mwanzo.

Kemunto tulimzika juu, kando ya barabara. Onchari yuko chini, ndani ya majani chai. Kati yao ni hatua hamsini na tatu. Nimezihesabu mara mbili, kwenda na kurudi, nisije nikawaandikia kitu nisichokuwa na hakika nacho.